Vihisi vya Kimolekuli vya Ioni za Metali: Nafasi ya Istilahi na Majina ya Rangi ya Kiswahili katika Kutambua Risasi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wanakemia wanavyobuni molekuli zinazotambua ioni za metali kwa kubadilisha rangi au kwa kutoa mwanga, pamoja na nafasi ya Kiswahili katika kazi hiyo. Metali tunayoishughulikia zaidi ni risasi, na mazingira tunayoyatolea mfano ni vituo vya kuuzia maji katika Kibera na katika mtaa wa Kongo ulioko Kawangware, jijini Nairobi. Hoja yetu kuu ni kwamba kihisi cha rangi hakijakamilisha kazi yake mpaka mtu aliyekitumia aweze kutamka alichokiona na kuelewa maana yake. Kwa hivyo, uteuzi wa neno ni sehemu ya ubunifu wa kihisi chenyewe, wala si kazi ya kutafsiri inayoachwa hadi mwisho.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii inatufunza kutegemea ishara kabla ya tukio. Hata hivyo, zipo hatari zisizotanguliwa na wingu lolote. Risasi iliyoyeyuka katika maji ni mojawapo. Haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vinavyodhuru haina ladha ya kumtahadharisha mnywaji. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 10 kwa lita kuwa kiwango elekezi cha risasi katika maji ya kunywa, na limesisitiza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa risasi huathiri ubongo ungali unakua.

Nchini Kenya jambo hili si nadharia tupu. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha uchunguzi kuhusu jaa la taka la Dandora, Nairobi. Watoto 328 walichunguzwa, na takriban nusu ya waliopimwa walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichozidi kile kilichokubalika kimataifa wakati huo. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliathiriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu za magari. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kampeni yake baada ya mtoto wake mchanga kuugua na vipimo kuonyesha risasi katika damu. Alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya Mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufani ilitengua uamuzi huo mwaka 2023, lakini Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024.

Katika visa hivi viwili, ukweli ulidhihirika baada ya sampuli kufika maabarani, na wakati huo watoto walikuwa wamekwisha kuathirika. Swali linalotushughulisha ni hili: je, mkazi wa Kongo au wa Laini Saba anaweza kupewa kipimo anachoweza kukisoma mwenyewe, kwa macho yake na kwa lugha yake? Ni muhimu tufafanue mambo mawili. Kwanza, Kongo tunayoizungumzia hapa si nchi bali ni mtaa wa Kawangware. Pili, hatudai kwamba maji ya Kibera au ya Kawangware yana risasi. Tunachosema ni kwamba anayenunua mtungi wa lita 20 kutoka kituo cha maji hana njia ya kujua kama yanayo au hayana.

2.0 Ubunifu wa Kihisi cha Kimolekuli

Kihisi cha kimolekuli ni molekuli iliyoundwa ili ikikutana na ioni fulani itoe ishara inayoweza kuonekana. Aghalabu huwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni kipokezi, yaani sehemu inayoishika ioni. Ya pili ni kitoa ishara, yaani sehemu yenye rangi au inayotoa mwanga. Ya tatu ni kiungo kinachoziunganisha hizo mbili. Kazi ya mbunifu ni kuhakikisha kwamba kinachotendeka katika kipokezi kinasikika katika kitoa ishara.

2.1 Kuchagua Ioni Moja Miongoni mwa Nyingi

Ugumu wa kwanza ni uteuzi. Maji ya kawaida yana kalisi, magnesi, sodiamu na mara nyingine chuma, shaba na zinki. Tuchukulie maji yenye miligramu 20 za kalisi kwa lita. Iwapo yana pia mikrogramu 10 za risasi, basi kwa kila ioni moja ya risasi kuna takriban ioni 10,000 za kalisi. Kipokezi kinapaswa kuipata hiyo moja na kuzipuuza nyingine zote.

Mwongozo muhimu hapa ulitolewa na mwanakemia wa Marekani, Ralph Pearson, mwaka 1963. Alizigawa ioni katika makundi ya ngumu na laini. Ioni ngumu, kama vile kalisi na magnesi, hupendelea kushikwa na atomu za oksijeni. Ioni laini, kama vile zebaki, hupendelea salfa. Risasi imo mpakani: hushikwa na oksijeni, na pia na nitrojeni na salfa. Kwa hivyo, mbunifu anayeitafuta risasi huchanganya atomu hizo katika kipokezi na kukipa upana unaolingana na ukubwa wa ioni hiyo. Wazo la kulinganisha upana lilipata nguvu mwaka 1967 Charles Pedersen alipochapisha taarifa kuhusu molekuli za mviringo zinazoishika ioni katikati kama pete inavyokishika kidole. Yeye, Jean-Marie Lehn na Donald Cram walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1987.

Shaba ndiyo msumbufu mkubwa. Katika mfuatano uliofafanuliwa na Irving na Williams, shaba hushikwa kwa nguvu kuliko manganisi, chuma, kobalti, nikeli na zinki. Kipokezi kilichokusudiwa kwa metali nyingine huweza kunyakuliwa na shaba, kisha kikatoa jibu lisilo la kweli.

2.2 Kuwaka na Kuzimika

Ugumu wa pili ni ishara. Zipo molekuli ambazo zikipigwa na mwanga wa aina moja hutoa mwanga wa aina nyingine. Mhudumu wa duka anapoiweka noti chini ya taa ya urujuanimno ili athibitishe kuwa si bandia, alama zinazong'aa kwenye noti hiyo ni mfano wa tukio hili. George Stokes alilieleza na kulipa jina mwaka 1852. Tofauti yake na mwanga wa kimulimuli ni kwamba kimulimuli hujitengenezea mwanga kwa kemia ya mwili wake, ilhali molekuli hizi sharti zimulikwe kwanza. Mwaka 1867 Goppelsröder alionyesha kwamba rangi ya mimea iitwayo morini hung'aa sana inapoishika alumini. Hicho ni miongoni mwa vihisi vya mwanzo vya aina hii.

Katika miaka ya 1980 na iliyofuata, A. P. de Silva, mwanakemia mzaliwa wa Sri Lanka aliyefanya kazi Belfast, alistawisha kanuni moja iliyo rahisi kuifuata. Kipokezi huwa na atomu ya nitrojeni yenye jozi ya elektroni zisizofungwa. Kitoa ishara kinapomulikwa, elektroni moja kutoka nitrojeni huruka na kuingia ndani yake, na mwanga huzimwa kabla haujatoka. Ioni ya metali inapofika, huishika jozi ile. Elektroni haiwezi tena kuruka, na molekuli huwaka. Kwa maneno mengine, metali haileti mwanga, bali huondoa kizuizi cha mwanga.

Bahati mbaya ni kwamba metali nyingi zenye sumu hutenda kinyume. Zebaki na risasi ni atomu nzito, na shaba ina elektroni isiyo na mwenzake. Zote huelekea kuzima mwanga wa molekuli zilizo karibu nazo. Mbunifu asipokuwa mwangalifu, hupata kihisi kinachozimika penye hatari. Kihisi cha namna hiyo kina kasoro kubwa, kwa kuwa giza lina sababu nyingi: tope ndani ya maji, molekuli kuharibika kwa jua, au taa kuisha betri. Kuwaka kuna sababu chache zaidi. Ndiyo maana wataalamu hupendelea vihisi vinavyowaka penye hatari.

2.3 Kubadilika kwa Rangi

Aina nyingine haihitaji taa. Mfano mkongwe ni ditizoni, ambayo ni ya kijani ikiwa imeyeyushwa katika klorofomu, na ikiishika risasi hugeuka nyekundu. Mfano mwingine ni molekuli za jamii ya rodamini. Pete moja ndani ya molekuli hizi huwa imefungwa, na hapo hazina rangi wala hazing'ai. Metali inapoishika, pete hiyo hufunguka kama mlango, rangi nyekundu ya waridi hujitokeza, na wakati huohuo molekuli huanza kung'aa. Dujols, Ford na Czarnik walionyesha hili kwa shaba mwaka 1997, na mwaka 2005 watafiti wa Korea Kusini walionyesha rodamini inayoiteua risasi. Aidha, mwaka 2003 Liu na Lu wa Marekani walitumia vipande vya DNA kuzifunga pamoja chembe ndogo mno za dhahabu. Chembe zilizofungamana zilikuwa za buluu. Risasi ilipokuwepo, DNA ilikatwa, chembe zikaachana, na rangi ikawa nyekundu.

Ni vyema tukumbuke ukubwa wa kazi yenyewe. Mikrogramu 10 za risasi kwa lita ni sawa na takriban nanomoli 48 kwa lita. Jaribio la iodidi ambalo wanafunzi wa shule za upili wa Kenya hulifanya, likatoa mashapo ya manjano, linahitaji risasi nyingi kupita kiasi hicho kwa mbali. Isitoshe, vihisi vingi vinavyosifiwa hufanya kazi vizuri zaidi katika viyeyushi vya maabara kuliko katika maji matupu. Kwa hivyo, safari kutoka maabara hadi Kongo bado ina hatua za kikemia. Hata hivyo, ina hatua nyingine ambayo wanakemia hawawezi kuipiga peke yao.

3.0 Tatizo la Istilahi

Kiswahili kina msingi wa istilahi za kemia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na maneno kama atomu, ioni, molekuli na elektroni hayana mgogoro tena. Mgogoro huanza tunapotoka darasani na kuingia mtaani. Tutataja maneno manne.

La kwanza ni risasi. Neno hili hutaja metali na pia hutaja kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Katika mitaa ambako milio ya bunduki imewahi kusikika, tangazo kwamba "kuna risasi ndani ya maji" laweza kushangaza kabla halijafahamisha. Vyombo vya habari hukwepa utata huo kwa kusema "madini ya risasi". Kikemia, metali na madini si kitu kimoja, kwani madini ni kile kinachochimbwa ardhini na ambacho metali hutolewa humo. Tunapendekeza "metali ya risasi" katika maandishi ya kitaaluma, na "sumu ya risasi, ile ya betri za magari" katika maelezo ya umma. Betri ni kitu ambacho kila fundi wa jua kali anakifahamu.

La pili ni jina la kifaa. Kukopa "sensa" hakufai, kwa kuwa neno hilo tayari ni la kuhesabu watu. "Kigunduzi" linaeleweka, lakini kugundua hudokeza kupata jambo ambalo halikujulikana kabisa. Tumechagua "kihisi", kutokana na kitenzi hisi, kwa sababu molekuli hizi huguswa kwanza ndipo zitoe ishara.

La tatu ni tukio la mwanga. "Mwako" limekwisha kutumika kwa kuungua kwa kitu penye oksijeni. "Mng'ao" hutumika kwa sifa ya metali kama dhahabu, ambayo hurudisha mwanga tu bila kuubadilisha. Kwa hivyo, darasani hatuna budi kukopa na kusema "fluoresensi". Mtaani, hata hivyo, hatuhitaji nomino. Vitenzi "kuwaka" na "kuzimika" vinatosha, kwa kuwa mtumiaji haulizwi tukio linaitwaje bali huulizwa ameona nini.

La nne ni lile linalohofisha zaidi, nalo ni "dawa". Mazoea yetu ni kuita kemikali yoyote ya chupani dawa. Nairobi, "dawa ya maji" ni klorini inayotiwa katika maji ili yanyweke. Tukimwambia mtu atie matone ya dawa katika maji ili ayapime, tumemwalika ayanywe. Neno la kitaaluma ni "kitendanishi". Kwa umma, tunapendekeza "matone ya kupimia".

4.0 Majina ya Rangi

Kiswahili kina rangi tatu tu zenye mizizi ya vivumishi inayopokea upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema maji mekundu, kitambaa chekundu, nguo nyekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa kihusishi cha a-unganifu na jina la kitu: kijani kutokana na jani, manjano ambayo ni kiungo cha chakula, zambarau ambalo ni tunda, kahawia kutokana na kahawa, kijivu kutokana na jivu, hata damu ya mzee kwa wekundu uliokolea. Utafiti wa Berlin na Kay wa mwaka 1969 ulidai kwamba lugha zenye majina matatu tu ya msingi huwa na nyeupe, nyeusi na nyekundu. Hatukusudii kuingia katika mjadala wa nadharia hiyo. Tunachosisitiza ni kwamba rangi hizi tatu ndizo ambazo wasemaji wengi wa Kiswahili huzitaja bila kusita.

Kibera, ambako Wanubi, Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu na wengineo wanaishi pamoja, kila mmoja huja na mipaka ya rangi ya lugha yake ya kwanza, na Kiswahili ndicho cha kuwapatanisha. Tuitazame ditizoni kwa jicho hili. Risasi ikiwa kidogo, kijani na nyekundu huchanganyika, na rangi hupitia buluu na zambarau kabla ya kufika wekundu kamili. Watu watatu wakiitazama chupa moja, mmoja ataiita buluu, wa pili zambarau, wa tatu atasema bado ni kijani kilichoiva. Kila jina lina kiasi chake cha sumu. Isitoshe, wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatenganishi vyema nyekundu na kijani. Kihisi cha rodamini, kwa upande mwingine, hutoka kutokuwa na rangi na kufikia wekundu. Kinaangukia katika neno ambalo lugha yetu imelishika kwa nguvu zaidi.

Lakini hata hapa pana mtego. Katika mazungumzo, maji yasiyo na rangi huitwa "maji meupe". Katika maabara, nyeupe ni rangi ya maziwa au ya mashapo, na isiyo na rangi ni jambo jingine. Neno "safi" ni hatari zaidi. Mtu akiambiwa kwamba maji yaliyobaki "safi" hayana risasi, atadhani yanafaa kunywewa, ilhali kihisi hakikupima vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Tunapendekeza "angavu", neno linalosifu mwonekano bila kutoa hukumu ya afya.

5.0 Maelezo ya Mfano

Ili hoja yetu isibaki hewani, tunatoa maelezo ambayo yangeweza kubandikwa katika kituo cha maji cha Kongo endapo kihisi cha aina ya rodamini kingepatikana kwa matumizi hayo. Idadi ya matone na dakika ni ya kielelezo tu.

(i) Chota maji kidogo katika vichupa viwili. Katika kichupa chenye alama nyeusi, tia pia tone la risasi ya majaribio.
(ii) Tia matone matatu ya kupimia katika kila kichupa. Matone haya si dawa ya maji.
(iii) Subiri dakika tano. Kichupa chenye alama lazima kigeuke chekundu. Kisipogeuka, matone yameharibika. Usiamini jibu lolote.
(iv) Kichupa cha pili kikibaki angavu, risasi haikuonekana. Vijidudu havikupimwa. Endelea kuchemsha maji.
(v) Kichupa cha pili kikigeuka chekundu, usinywe maji hayo wala usiwape watoto. Kuchemsha hakuondoi risasi.
(vi) Mwaga maji uliyopima mbali na chakula, nawa mikono, kisha mwarifu mhudumu wa afya ili maji mengine yapelekwe maabara na watoto wapimwe damu.

Msomaji atatambua kwamba vipengele vya (iv) na (v) vinakinzana na mazoea. Kwa miaka mingi tumefundishwa kwamba kuchemsha ndiko kunakoyafanya maji yafae. Fundisho hilo ni la kweli kwa vijidudu na si la kweli kwa risasi, kwa sababu maji hupungua kwa mvuke ilhali risasi hubaki. Lugha ya maelezo isipoyatenganisha mambo haya mawili, kihisi bora kabisa kitamwacha mtumiaji katika hatari ileile. Kipengele cha (iii) nacho kinatokana na kanuni tuliyoitaja: ishara ya kimya haiaminiki mpaka tuhakikishe kwamba msemaji yu hai.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kihisi cha kimolekuli kina kipokezi, kiungo na kitoa ishara. Makala haya yanapendekeza tuiongeze sehemu ya nne, nayo ni neno. Mwanakemia anapochagua kati ya molekuli inayotoka kijani kwenda nyekundu na ile inayotoka kutokuwa na rangi kwenda nyekundu, anachagua pia kati ya jibu litakalobishaniwa na jibu litakalokubaliwa. Uamuzi huo unahitaji mtaalamu wa lugha aketi naye mapema.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini kemia ya shule zetu za upili bado hufundishwa kwa Kiingereza. Tunawahimiza wanafunzi wa Kiswahili wasingoje kualikwa. Nendeni katika idara za kemia za vyuo vyenu mkaulize ni vipimo gani vinabuniwa na ni rangi gani vinatoa. Kisha nendeni Kawangware na Kibera na chupa za maji yaliyotiwa rangi isiyodhuru, mwaulize watu wanaziitaje. Orodha ya majibu hayo ni utafiti halali wa isimu. Huenda pia siku moja ikamsaidia mzazi mmoja wa Kongo kujua kilichomo ndani ya mtungi wake kabla ya mtoto wake kupelekwa kupimwa damu.